Miti na Mkulima: Shamba la Mti wa Namna Moja Halina Kinga

Mtu asafiriye kutoka Embu kwenda Meru kwa barabara ipitayo Runyenjes, Chuka na Nkubu haachi kuona miti katika safari yake yote. Upande wa kushoto, juu ya mashamba ya majani chai, umetanda msitu wa Mlima Kenya, uliotangazwa kuwa hifadhi ya Serikali katika mwaka wa 1932. Upande wa kulia, katika nchi ya kahawa, kila boma lina miti yake: mukima mipakani, misaipresi iliyopandwa kuwa ua, mikaratusi mabondeni, na hapa na pale muringa mkubwa ulioachwa na wazee. Mito ya Rupingazi, Thuci, Nithi, Mutonga na Kathita yote hutoka katika kivuli cha msitu huo na kuuendea mto wa Tana.

Miti hiyo ni mali. Ni mbao za nyumba, ni kuni za mekoni na za viwanda vya majani chai, ni nguzo za ua, na mara nyingi ni karo ya mtoto wa shule. Lakini ni mali ambayo watu wengi huilinda kidogo kuliko mali nyingine zote. Ng'ombe akikataa malisho asubuhi, kabla ya jua kutua mwenyewe amekwisha kumwita bwana mifugo. Kahawa ikionyesha madoa, dawa hutafutwa. Bali mti ukianza kugeuka rangi, mwenye mti hutazama, husema huenda ni ukame, kisha hungoja mvua. Mvua ikija, mti umekwisha kufa. Na mti uliokufa hauwezi kurudishwa kwa msimu mmoja kama mahindi. Aliyepoteza msaipresi wa miaka ishirini amepoteza miaka ishirini.

Kwa hiyo yafaa kila mkulima ajue jinsi wadudu na maradhi yanavyoingia katika miti, na kwa nini shamba moja huteketea na jingine husimama.

HABARI YA KIDUKARI

Katika mwaka wa 1986 watu wa misitu katika nchi ya Malawi waliona misaipresi ikikauka kwa namna wasiyoizoea. Walipochunguza matawi walikuta vidukari, yaani wadudu wadogo laini wa jamii ya wale wanaonyonya sukuma na maharagwe, lakini hawa walikuwa wa rangi ya udongo na wakubwa kidogo, wamekaa makundi makundi juu ya gome. Hawakuwa wenyeji wa Afrika. Waliingia kutoka ng'ambo, wakaenea kupita nchi moja hadi nyingine, na katika mwaka wa 1990 wakaonekana Kenya.

Kidukari huyu hutia mdomo wake mwembamba katika gome na kunyonya utomvu. Mate yake ni sumu kwa mti, na kwa hiyo tawi hugeuka rangi ya kahawia, kwanza ndani karibu na shina, kisha nje mpaka ncha. Maji matamu yanayomtoka hudondoka juu ya majani na kuotesha ukungu mweusi kama masizi. Jambo la kutisha zaidi ni uzazi wake: jike huzaa bila dume, na watoto wake baada ya siku chache huwa nao mama. Ndiyo sababu ua uliokuwa wa kijani mwezi huu waweza kuwa wa kahawia kabla ya miezi mingi kupita.

Wakati ule misaipresi ilikuwa imeshika sehemu kubwa ya mashamba ya miti ya Serikali katika milima ya Kenya, na nyua za misaipresi zilizungushwa katika shule, makanisa, ofisi na maboma yasiyohesabika. Kidukari alikuta meza iliyoandaliwa. Alipomaliza mti mmoja, wa pili ulikuwa umegusana nao. Hakusaza hata mtarakwa wa asili, kwa kuwa mtarakwa ni wa ukoo mmoja na msaipresi. Imekadiriwa kwamba katika nchi za mashariki na kusini mwa Afrika miti iliyokufa ilikuwa na thamani ya zaidi ya dola milioni 40 za Kimarekani, na juu ya hayo kila mwaka yalipotea mamilioni mengine kwa sababu miti iliyosalia hai ilikua polepole.

Wengi walidai dawa ya kupulizia. Lakini nani awezaye kupulizia dawa mlima mzima, kila mwaka, juu ya vijito ambavyo watu na ng'ombe wanakunywa? Tena dawa haichagui; huwaua pia wadudu wanaowala vidukari. Wataalam walikumbuka kwamba huko vidukari walikotoka hawaangamizi misitu, kwa sababu wana adui wao. Walimtafuta adui huyo wakampata: nyigu mdogo sana, asiyemuuma mtu, ambaye hutaga yai ndani ya mwili wa kidukari, na kiluwiluwi chake humla kidukari kutoka ndani. Katikati ya miaka ya 1990 nyigu hao waliachiliwa katika Malawi, Kenya na Uganda. Vidukari hawakutoweka, wala hawatatoweka.

SOMO LILILORUDIWA

Mtu aweza kudhani kwamba jambo la 1990 lilikuwa bahati mbaya tu. Sivyo. Tazama historia ya miti ya kupandwa katika Kenya.

Kabla ya msaipresi wa Mexico, ambao ndio ujulikanao leo, ulipandwa sana msaipresi mwingine, wa Monterey, utokao katika pwani ya California. Ukaingiwa na ugonjwa wa kuvu uletao madonda katika shina. Gome lilipasuka, utomvu ukatoka, na mti ukafa kutoka juu. Ikalazimu uachwe, na mahali pake ukapandwa huo wa Mexico. Kisha kidukari akaja.

Ndivyo ilivyokuwa kwa misonobari, au paini kama wengi wanavyoiita. Msonobari wa Monterey ulikua upesi kuliko mingine, na matumaini yalikuwa makubwa. Karibu na mwaka wa 1960 ugonjwa wa kuvu ulionekana katika majani yake: kila jani, ambalo ni kama sindano, lilipata mapete mekundu, likafa na kuanguka, na miti michanga ikabaki vijiti. Kenya ikaacha kuupanda, ikashika msonobari wa Mexico. Nchi ya New Zealand ilipopatwa na ugonjwa huo huo miaka michache baadaye haikuweza kuuacha mti wake, kwa maana ndio utajiri wa nchi ile. Ikaanza kunyunyiza dawa ya shaba kwa ndege, na gharama hiyo imekuwa sehemu ya kilimo chake cha miti. Lakini hata msonobari wa Mexico haukupata raha. Katika mwaka wa 1968 mdudu mwingine mnyonyaji, ajifunikaye kwa sufu nyeupe, alipatikana katika misonobari ya Kenya. Alikuwa ameletwa na watu wenyewe pasipo kujua, juu ya vijitawi vilivyotoka Australia kwa ajili ya kuunganishwa na miche.

Mikaratusi nayo ina habari yake. Fukusi wa Australia alaye majani ya mkaratusi aliingia Kenya katika miaka ya 1940. Afrika ya Kusini ilikuwa imekwisha kupambana naye, na tangu 1926 ilikuwa na nyigu mdogo aliyeletwa kutoka Australia, atagaye mayai yake ndani ya mayai ya fukusi. Nyigu huyo akaletwa Kenya na kufanya kazi nzuri. Lakini katika mwaka wa 2002 akaja mdudu mwingine, atiaye uvimbe katika vikonyo na mishipa ya majani machanga ya mkaratusi mpaka mche unadumaa.

Msomaji mwenye kufikiri ataona fundisho moja katika habari hizi zote. Kila mara mti mmoja uliposhindwa uliwekwa mti mwingine mmoja mahali pake, na kila mara adui mpya aliukuta umepangwa safu kwa safu, umri mmoja na ukoo mmoja. Kubadili mti mmoja kwa mwingine ni kupata nafasi ya kupumua, lakini si kinga.

KWA NINI MCHANGANYIKO NI NGAO

Tazama sasa msitu wa asili juu ya Irangi na Chuka. Humo mna muthaiti, mna muhuru ambao Wazungu waliuita mwaloni wa Meru, mna mwiria, mna mukinduri pembezoni, na miti mingine mingi, mikubwa kwa midogo, mizee kwa michanga. Si kwamba humo hamna wadudu. Wamo wengi kuliko katika shamba lolote, na mithaiti mingi ya zamani imeoza moyo. Lakini mdudu alaye mti mmoja, akiisha kuumaliza, imempasa kutafuta mwingine wa namna ile ile, na katikati ya safari hiyo kuna miti asiyoijua, ndege wamlao, buibui, siafu na nyigu. Wengi hufia njiani. Ugonjwa pia, ukipeperushwa na upepo, huangukia majani usiyoyaweza. Kwa hiyo msitu huumwa kidole, nalo shamba la mti mmoja huumwa mwili mzima.

Jambo la pili ni nguvu ya mti wenyewe. Mti wenye afya hujitetea: msonobari hufukuza mdudu kwa utomvu, na mti mwingine huziba jeraha kwa gome jipya. Mti uliosongwa na wenzake, au uliopandwa mahali pakavu usipopenda, hauna akiba ya kupigana. Mara nyingi mdudu asemwaye kuwa ameua mti amemaliza tu kazi iliyoanzwa na mwenye shamba.

MUKIMA WA EMBU NA MERU

Hapa ndipo jambo hili linapomgusa mkulima wa Kyeni, wa Mwimbi na wa Imenti. Mti aupandao kuliko yote ni ule uletwao kutoka Australia, mgrivea, uitwao mukima au mubariti. Na ni haki aupende: hukua upesi, haugombani sana na kahawa, huvumilia kukatwa matawi kila mwaka kwa kuni, na mbao zake zina soko. Lakini umekwisha kuwa mti wa kila mpaka na kila boma, kutoka Embu hadi Meru na mbele zaidi. Maradhi ya kuvu yaletayo madonda ya shina na kukausha ncha yamekwisha kuonekana katika mti huu, hasa katika nchi ya chini yenye ukame, ambako mukima hauna maji ya kutosha. Bado si tauni, ni onyo.

Tena liko jambo lisiloonekana kwa macho. Wakulima wengi hupata mbegu katika mti mmoja au miwili iliyo karibu na kitalu, kisha miche elfu hutoka humo. Miche hiyo yote ni ndugu wa tumbo moja. Ugonjwa uwezao kumshinda mmoja utawashinda wote. Ndivyo ilivyo zaidi kwa mikaratusi inayooteshwa kwa vikonyo vya mti mzazi mmoja, kwa kuwa hiyo si ndugu hata, bali ni mti ule ule uliorudiwa mara elfu.

MAMBO YAMPASAYO MWENYE MITI

Kwanza, mti na upandwe mahali pake. Msaipresi ni mti wa nchi ya juu yenye baridi na mvua. Kuupanda Mbeere au Tharaka ni kumwalika kidukari. Huko chini upo mukau, ambao ni mwenyeji wa nchi kavu na mbao zake hazipendwi na mchwa.

Pili, achanganye. Katika mpaka wa shamba, baada ya mikima michache aweke muringa, kisha mukinduri, kisha muhuru panapofaa. Ua wa misaipresi ukifa usirudishiwe misaipresi mitupu. Kaiyaba hufanya ua mzuri usioogopa kidukari. Mwenye shamba kubwa la miti na aligawe vipande, kila kipande kwa mti wake na kwa mwaka wake, ili adui asikute chakula cha umri mmoja kilichoungana.

Tatu, mbegu zitoke kwa wazazi wengi. Wataalam hushauri zikusanywe katika miti isiyopungua 30, yenye afya na iliyo mbalimbali, kisha zichanganywe. Mkulima mmoja hana miti 30 ya mbegu, lakini kikundi cha kitalu au chama cha ushirika kinayo. Majirani kumi wakileta kila mmoja mbegu za miti mitatu, kazi imekwisha.

Nne, apunguze miti kwa wakati. Misaipresi ikipandwa kwa nafasi ya mita mbili na nusu kila upande huwa miche 1,600 katika hektari moja. Haiwezi yote kuwa miti mikubwa. Asiyetaka kukata ile dhaifu mapema ataiona ile yenye nguvu ikidhoofika pamoja nayo, na ndani ya matawi yaliyosongamana yenye kivuli ndimo vidukari wapendamo kukaa.

Tano, apogoe matawi yakiwa bado membamba, kwa msumeno mkali, karibu na shina, bila kuacha vigutu wala kuchana gome. Yuko mbawakawa mwenyeji wa misitu ya Kenya, ambaye katika miaka ya 1940 na 1950 aliharibu misaipresi mingi kwa kuingia katika vigutu vya matawi na majeraha, na viluwiluwi vyake hupekecha mbao kwa miaka kabla ya mwenye mti kujua. Gogo lililoonekana zima nje hufunguka kiwandani likiwa matundu matupu. Jeraha dogo hufungwa na mti upesi. Jeraha kubwa ni mlango.

Sita, asafishe. Magogo yanayooza na matawi yaliyokufa yasiachwe yakilala kati ya miti mizima. Na afunguaye shamba la majani chai mahali palipokuwa na miti ajihadhari na kuvu ya mizizi, iishiyo katika visiki vya miti ya asili na kupita chini ya ardhi kuua michai na mikima. Dawa yake ilijulikana Malawi tangu miaka ya 1930, wakati nchi hiyo ilipoitwa Nyasaland: mti huondolewa gome kuzunguka shina na kuachwa umesimama mpaka mizizi imalize akiba yake ya wanga, ndipo hukatwa. Kuvu ikifika katika mizizi hiyo haikuti chakula.

Saba, asihamishe ugonjwa. Miche, vikonyo, na kuni zenye gome kutoka mahali penye wadudu visipelekwe mahali pengine. Mdudu wa sufu nyeupe wa 1968 hakuja kwa mabawa yake.

Nane, atoe habari. Aonaye majani yakibadilika rangi katika miti kadha kwa pamoja, au uvimbe, au utomvu ukitiririka, na akate kijitawi, akitie katika mfuko uliofungwa, akipeleke kwa Bwana Misitu aliye karibu. Kutoka huko chaweza kufikishwa kwa wachunguzi wa misitu wa KEFRI huko Muguga. Kidole kimoja hakivunji chawa, na shamba moja lililonyamaza laweza kuponza kata nzima.

SWALI LA MKULIMA

Mkulima wa Chuka atasema: “Maneno haya ni mazuri, lakini mukima hunipa mbao nikiwa bado na nguvu. Muhuru utakatwa na mjukuu. Nani atalipa karo ya mwaka huu?” Swali hili ni la haki, wala halipaswi kujibiwa kwa kejeli. Mwenye ekari mbili hawezi kuishi kwa miti ya wajukuu. Lakini hakuna amwambiaye ang'oe mikima yake. Aombwalo ni kwamba asiweke karo yote katika mfuko mmoja. Akipanda miti kumi, sita iwe mukima na minne iwe ya namna nyingine mbili au tatu. Ikiwa hakuna ugonjwa utakaokuja, atakuwa amengoja mbao nne kwa muda mrefu zaidi, na mbao za muringa na muhuru hazikosi mnunuzi. Ikiwa ugonjwa utakuja, jirani yake atabaki na kuni tupu, yeye atabaki na miti minne iliyo hai.

Tena kuna sababu nyingine ya kutokungoja. Mwaka ugonjwa unapoingia, kila mtu hukata miti yake kwa haraka na kuipeleka sokoni siku moja. Bei ya mbao huanguka, na mito hubaki bila kivuli. Wakati huo hata mwenye fedha hawezi kununua miaka.

Mvua za masika huanza karibu na mwezi wa Machi, na za vuli karibu na Oktoba. Kabla ya mvua zijazo kila mwenye miti na azunguke mipaka yake siku moja, akihesabu namna za miti aliyo nayo. Akikuta ni namna moja tu, amekwisha kujua kazi yake ya kwanza mvua zitakaponyesha.

Juma lijalo ukurasa huu utaeleza namna ya kukusanya, kukausha na kuweka mbegu za muringa na mukinduri ili zisiharibike kabla ya kupandwa.